Hillabee isirukwe katika vita vya Wamuskogi

Mhariri,

Wengi wanaosimulia vita vya Wamuskogi, wenyeji asilia wa kusini-mashariki mwa Marekani ambao wakoloni waliwaita Creek, huanzia mapigano ya Fort Mims, wakapita ya Talladega, kisha wakatua ya Horseshoe Bend. Hillabee inarukwa. Bila Hillabee, haieleweki kwa nini Fimbo Nyekundu, yaani Wamuskogi waliokuwa vitani na Marekani, walipigana bila kuomba suluhu.

Hillabee vilikuwa vijiji kando ya kijito kinachoingia Mto Tallapoosa, mashariki mwa Alabama ya leo. Baada ya Fimbo Nyekundu kupigwa Talladega, tarehe 9 Novemba 1813, wakazi wake walimtumia Jenerali Andrew Jackson ombi la amani. Aliyelipeleka Fort Strother, ngome ya Jackson, ni Robert Grierson, mfanyabiashara Mskoti aliyeishi nao. Tarehe 17 Jackson alikubali kwa masharti: warudishe mateka na mali, wawatoe wachochezi wa vita.

Tatizo ni kwamba majeshi yalikuwa mawili. Jackson aliongoza wanamgambo wa Tennessee Magharibi. Wale wa Mashariki walikuwa chini ya Jenerali John Cocke, kwenye ngome ya Fort Armstrong. Ngome zote mbili zilikuwa kando ya mto mmoja, Coosa. Lakini kambi ya Jackson ilikuwa na njaa, askari wake wakidai kurudi makwao, na Cocke hakutaka kuungana naye wagawane chakula kidogo kilichopo. Jenerali James White, wa jeshi la Cocke, alikuwa tayari njiani kwenda kumsaidia Jackson. Cocke akamrudisha, kisha akamtuma Hillabee. Habari ya amani haikuwa imewafikia.

Alfajiri ya tarehe 18, White na Wacherokee, wenyeji wengine waliokuwa upande wake, walikizingira kijiji. Watu walikuwa wakingoja jibu la ombi lao. Waliuawa zaidi ya 60, wakatekwa takriban 250. Upande wa White hakufa mtu. Kuyaita hayo mapigano ni kosa.

Walionusurika waliamini Jackson amewahadaa, wakapigana bila kuomba suluhu tena. Nani angewaeleza tofauti ya Tennessee ya Mashariki na ya Magharibi? Tarehe 27 Machi 1814, huko Horseshoe Bend, Fimbo Nyekundu zaidi ya 800 walikufa. Agosti mwaka huo, mkataba wa Fort Jackson ulichukua ekari zaidi ya milioni 20, zikiwemo za Wamuskogi waliopigana upande wa Jackson mwenyewe.

Gazeti likichapa tena tarehe za vita hivi, naomba ya 17 na ya 18 Novemba ziwekwe pamoja.

Msomaji wako