Marufuku ya silaha ivifikie na visiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wa mpakani tulionja uchungu wake, ingawa sehemu ya chanzo chake iko katika kisiwa ambacho wengi wetu hatukuwahi hata kukisikia.

Mwishoni mwa Aprili 1994, nikiwa kijana hapa Ngara, niliona watu wakivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda; walikadiriwa kufikia 250,000 katika muda wa siku moja hivi. Tarehe 17 Mei, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 918 kupiga marufuku kuipelekea Rwanda silaha. Rwanda, ambayo mwaka ule ilikuwa na kiti katika Baraza hilo, iliipinga marufuku hiyo kwa kura yake.

Hata hivyo silaha ziliendelea kuingia. Mwezi Novemba 1996, nje kidogo ya mji wa Goma, ulioko Zaire (Kongo ya leo) mpakani na Rwanda, zilipatikana hati zilizoonyesha kwamba kampuni ya Mil-Tec, iliyoandikishwa katika Kisiwa cha Man, iliiuzia serikali iliyosimamia mauaji ya kimbari silaha za mamilioni ya dola kati ya Aprili na Julai 1994, zikisafirishwa kwa ndege kutoka Albania na Israel hadi Goma.

Kisiwa cha Man kiko chini ya Taji la Uingereza bila kuwa sehemu ya Uingereza, nacho kina bunge na sheria zake. London ilipotoa amri ya kutekeleza azimio hilo mwezi Juni 1994, haikukijumuisha kisiwa hicho, wala Jersey na Guernsey, visiwa vingine vyenye hadhi kama hiyo, na serikali ya Uingereza ilikuja kulikiri pengo hilo mapema mwaka 1997. Hakuna aliyefikishwa mahakamani huko kwa biashara ile. Shehena zenyewe hazikupita katika bandari ya Uingereza, kwa kuwa dalali wa silaha hahitaji ghala. Anwani na akaunti ya benki humtosha.

Naliandika hili sasa kwa sababu mpangilio wa sheria haujabadilika kwa kiasi tunachoweza kudhani. Azimio la Baraza la Usalama halimfungi mfanyabiashara mpaka litungiwe sheria mahali alipo, na hata leo Bermuda, Gibraltar na visiwa vile vitatu hutunga sheria zao za vikwazo, huku maeneo mengine mengi ya Uingereza ya ng'ambo yakisubiri amri kutoka London. Wakati huohuo marufuku ya silaha dhidi ya makundi yenye silaha ya mashariki mwa Kongo, iliyowekwa mwaka 2003 kwa Azimio namba 1493, bado inatuhusu moja kwa moja: wanajeshi wetu wa kulinda amani waliouawa Semuliki, huko mashariki mwa Kongo, mwezi Desemba 2017 waliuawa na kundi la aina hiyohiyo.

Naiomba Wizara yetu ya Mambo ya Nje, kila marufuku hiyo inapofikia kuongezewa muda, ishirikiane na majirani kudai kwamba kila nchi yenye maeneo tegemezi iyataje moja baada ya jingine, pamoja na tarehe ambayo sheria ilianza kutumika katika kila eneo, na kwamba wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wapewe majina ya wamiliki halisi wa kampuni zilizoandikishwa huko bila kusubiri miaka. Hati za Goma zilionekana zaidi ya miaka miwili baada ya silaha kufika.

Msomaji wako,
Ngara, Kagera