Babu Yenu Alikuwa Koplo: Barua ya Wazi kwa Wajukuu na Vitukuu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi nyote mlio katika kamati ya kumbukumbu ya babu, wa Moshi, wa Dar na mlio ughaibuni. Kwa wengine mimi ni shangazi, kwa wengine mama mkubwa, na kwa wadogo ni bibi tu. Barua nimeiacha wazi kwa sababu familia nyingi huku mlimani zina mzee wa namna hii, na Desemba watoto wao hupanda kama ninyi. Rasimu ya wasifu nimeisoma, nikavaa miwani nikairudia. Mmeandika kwa upendo. Ila huyo mliyemwandika simfahamu.

Mmemwita Kapteni. Babu yenu alirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia akiwa koplo, wala hakuwahi kudai zaidi. Katika Keya (KAR), jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, Mwafrika wa wakati ule hakupewa uafisa. Aliyefika mbali sana aliishia sajini-meja. Mkichonga "Kapteni" kwenye marumaru mtakuwa mmemsafisha Mwingereza, si kumpandisha babu. Na ile nyota mnayoiita nishani ya ushujaa ni Nyota ya Burma. Walipewa wote waliotumikia kule, mpishi na dereva wakiwamo. Alituambia hivyo mwenyewe, huku akicheka.

Andikeni njia aliyopita. Kutoka Kilindini kwa meli hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifunzwa vita vya msituni. Mwaka uliofuata wakaingizwa bonde la Kabaw, Burma (Myanmar ya leo), mvua za kule zikiwa zimepamba moto. Ruba, malaria, na vidonge vya mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, vilivyowageuza Wazungu rangi wakawa njano. Magari yalizama kwenye tope hadi barabara ikatandikwa magogo, na chakula kikadondoshwa kwa ndege. Desemba 1944 wakafika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin.

Pale Kalewa wahandisi walitandaza daraja la Bailey, lile la kuunganisha vipande vya chuma kwa pini, juu ya maboya, mita 350 hivi, refu kuliko Bailey zote zilizokuwa zimejengwa hadi siku ile. Babu yenu hakulijenga, msimpe na hilo. Alilitazama. Kipande kimoja cha chuma cha kilo 260, watu sita wanakibeba, pini inapigwa, kinaletwa kingine. Uzeeni bado aliweza kuwachorea mchangani kila pini ilikoingia. Lakini ukimuuliza aliua Wajapani wangapi, aliinuka akaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Aliporudi kihambani, shamba letu la nyumbani, hakuweza kuona chuma chakavu akakiacha. Si kila alichounda kilifaa. Ile mashine ya kumenyea kahawa kwa pedeli za baiskeli iliponda punje hadi mama akaificha, na sote tukajifanya hatujui ilipo. Pampu ya korongoni ndiyo iliyofanya kazi, na hiyo naijua vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia koroboi. Pampu za namna hiyo zilikuwako Ulaya tangu karne ya 18, kwa hiyo "alivumbua" liondoeni. Yeye aliiona mahali, hakupewa mchoro, akaja kuiunda kwa mtungi wa kuzimia moto, mabomba ya chuma na raba ya tairi.

Sikilizeni inavyofanya kazi, maana mmetuma fundi asiyejua. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani, hushuka kwa kasi ndani ya bomba, kilango kinajifunga ghafla, na ule msukumo uliokosa njia hupenyeza maji kidogo kupitia kilango cha pili hadi kwenye mtungi wenye hewa. Hewa ile inayasukuma yapande hadi zahanati ya usharika na nyumbani. Hakuna dizeli, hakuna umeme. Bomba likishuka mita 3 na maji yakitakiwa mita 30 juu, kati ya ndoo 20 hupanda moja hivi. Nyingine zote zinaendelea na safari kwa majirani wa chini.

Fundi wenu aling'oa bomba la chuma la kushushia maji akaweka la plastiki, ambalo hutanuka na kuumeza msukumo. Kisha akaona kitundu kidogo chini ya mtungi kinatema maji, akakichomelea. Kitundu kile babu alikitoboa makusudi! Kila pigo huvuta hewa kidogo. Hewa ikiisha mtungi hujaa maji, pampu hugonga kwa kishindo, na viungo hupasuka kimoja baada ya kingine.

Sala zake mmezipa mstari mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa, aliamka kusali kabla ya jogoo, na Jumapili hakushika spana, isipokuwa pampu imekwama na zahanati haina maji. Hapo alisali kwanza, kwa ufupi wa kushangaza. Halafu kuna habari ya rafiki yake wa Tabora, Mwislamu, aliyefia Kabaw kwa malaria. Kila Ramadhani babu yenu alifunga siku moja kwa ajili yake. Rasimu ya kwanza ilikuwa nayo, ya pili haina; nasikia mmoja wenu aliogopa kuwakwaza wazee wa kanisa. Wazee wa enzi zake walimhoji yeye mwenyewe kuhusu hilo, akawasikiliza kwa heshima, na mwaka uliofuata akafunga tena. Irudisheni.

Daftari lake la michoro lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajalimaliza. Shangazi zenu wengine bado wana kumbukumbu nzuri. Wakalisheni chini, rekodini kwa simu, na msiwakatize wakianza kubishana. Anayeishi nje na ana muda atafute majina ya askari wa Keya yaliyochongwa kwenye makaburi ya vita ya Taukkyan, karibu na Yangon kule Burma, kwa wale wasio na makaburi. Babu alitamani sana kujua kama la rafiki yake limo.

Mchango wangu umeshafika kwa mweka hazina. Ni wa bomba la chuma la inchi 2, lililonyooka, pamoja na biti nyembamba ya drili ya kuzibua kile kitundu. Fulana zenye picha yake mtajilipia wenyewe.

Shangazi yenu,
Marangu