“Si umebofya tu?” Kuhusu Sh 15,000 ya kusafisha kivinjari

Wiki iliyopita dada mmoja wa Chuno, mteja wetu wa siku nyingi, alisimama mlangoni akasema kwa sauti iliyowafikia hata wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara: “Fundi, mmenipiga.” Kosa letu ni kwamba tulimsafishia kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) cha laptopu yake kwa Sh 15,000, na alipofika nyumbani mpwa wake aliyekuja likizo kutoka chuo akamwambia, “Shangazi, vile vidude vya kivinjari, ekstensheni, ni za bure. Kuweka au kuondoa, mtu anabofya tu.”

Kijana hakukosea. Ni za bure na mtu anabofya tu. Siku ile sikumjibu dada vizuri, maana kwenye benchi walikuwa wamekaa watu watatu na printa ilikuwa imemeza karatasi. Namjibu hapa, yeye na wengine wote wanaoniuliza swali hilohilo tangu tufungue ofisi hapa Mtwara.

Tuanzie kwenye laptopu yenyewe. Alipoileta, lalamiko lilikuwa “intaneti nzito”. Bando lilikuwepo na mtandao wa simu yake ulikuwa unakimbia vizuri. Nilibofya ile alama ya kipande cha fumbo iliyo juu kulia kwenye Chrome, orodha ikashuka, ikashuka, hadi ikabidi nisogeze kipanya kuifuata. Ekstensheni 19. Za kugeuza PDF zilikuwa nne, za kupakua video mbili, VPN za bure (za kupitisha intaneti yako kwenye mashine ya mtu mwingine) tatu, moja ya kuponi za maduka ambayo hata hayaleti mzigo Tanzania, na moja ya picha za Simba SC kila ukifungua ukurasa mpya. Laptopu ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 tu. Dada alikuwa amekuja na ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko, chumvi na pilipili pembeni, na alimaliza nusu ya mfuko kabla ukurasa wa barua pepe haujafunguka.

Ekstensheni ni programu ndogo zinazopachikwa ndani ya kivinjari kukiongezea kazi: kuzuia matangazo, kutunza nywila, kutafsiri. Chrome ya Kiswahili inaziita viendelezi. Wateja wangu wengi wanaziita “vile vidude vya juu”. Kila kimoja kinakula sehemu ya RAM, hicho ndicho watu wanachokiona. Wasichokiona ni ruhusa. Unapobofya kuongeza, kinatokea kidirisha kinachosema, kwa vingi vya vidude hivi, kwamba kitaweza kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote unazotembelea. Mteja anaitikia kama amina. Zote maana yake zote: barua pepe, mfumo wa ofisi, ukurasa wa benki. Kidude kilichokuja kwa ajili ya kugeuza PDF mara moja mwezi Machi kimekaa pale mwaka mzima kikiwa na ruhusa ya kuchungulia kila unachoandika.

Kuhusu ile picha ya Simba, na hapa wapenzi wa Yanga wasicheke maana nao nimewatoa za kwao nyingi tu: hiyo haikuwa themu. Themu halisi, au mandhari, ni nguo ya kivinjari. Ina rangi na picha, basi, haina mkono wa kugusa kitu. Hizi za “picha nzuri kila ukurasa mpya” ni ekstensheni iliyovaa nguo ya themu. Inachukua ukurasa mpya, na nyingi zinachukua na sehemu ya kutafutia, ukiandika neno unapitishwa kwanza kwenye ukurasa wao wenye matangazo, ndipo upelekwe kwingine. Wakati kuweka picha unayoitaka hakuhitaji kidude chochote. Fungua ukurasa mpya wa Chrome, kona ya chini kulia kuna kitufe chenye alama ya kalamu, bofya, chagua kupakia picha kutoka kwenye mashine yako. Dada sasa ana picha ya ufukwe wa Mikindani aliyoipiga mwenyewe jioni, mitumbwi imeegeshwa. Hiyo sikumtoza.

Sasa njia ya mkato. Mtu akiona kivinjari kinasumbua, mara nyingi anafanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kuongeza kidude cha kusafisha vidude. Sitalisemea sana, ni kama kumleta mwizi akulinde dhidi ya mwizi. La pili ndilo linalonitia hasira: kupiga windo, yaani kufuta mashine na kuweka Windows upya.

Karani wa chama cha msingi kutoka upande wa Tandahimba aliletewa hasara hiyo msimu wa korosho. Matangazo yalikuwa yanaruka mbele ya kila ukurasa, na minada ilikuwa imeshaanza, simu za wakulima haziishi. Fundi mmoja akamwambia dawa ni kupiga windo, akalipa Sh 30,000. Mashine ikarudi nyeupe kama siku ya kwanza. Karani akaingia kwenye Chrome kwa akaunti yake ya Gmail na kuwasha usawazishaji (sync), na baada ya dakika chache matangazo yale yale yakarudi, kidude kile kile. Kwa nini? Kwa sababu ukiwasha usawazishaji, akaunti inakumbuka ekstensheni zako na kuzirudisha popote utakapoingia. Ugonjwa haukuwa ndani ya Windows, ulikuwa unasafiri na akaunti. Na katika kupiga windo, kabrasha la barua za chama alilokuwa amelihifadhi juu ya meza ya kompyuta lilifutika. Hakuna aliyemuuliza kama ana nakala. Alifika kwangu akiwa ameshalipa, ameshapoteza, na tatizo bado liko palepale. Kazi yangu ilichukua saa moja na nusu, nikamtoza Sh 15,000, naye akalalamika kuwa ni ghali.

Ile saa moja na nusu ina mambo haya. Kwanza nywila zinahakikiwa mbele ya mteja, yeye mwenyewe akiandika kwenye daftari lake, si langu. Kisha usawazishaji unasimamishwa. Kisha nazima nusu ya ekstensheni na kuangalia kama tatizo linaendelea, halafu nusu ya iliyobaki, hivyo hivyo. Hata zikiwa 20 mizunguko mitano inatosha kumpata mhusika. Wakati mwingine mhusika hana kitufe cha kuondolewa, kimefifia, na Chrome inadai kuwa inasimamiwa na shirika lako, wakati mwenye mashine anauza vitenge na shirika lake ni yeye na mdogo wake. Hapo kuna programu mbovu imeandika kanuni ndani ya Windows kana kwamba laptopu ni ya kampuni, na ukibofya pale juu siku nzima haitatoka. Ninaandika chrome://policy pale juu panapoandikwa anwani ya tovuti, nione kilichoandikwa, nakwenda kukitoa chanzo chake. Mpwa wa dada angebofya nini hapo?

Mwisho natenganisha wasifu (profile), yaani kila mtumiaji anakuwa na chumba chake ndani ya kivinjari. Wa ofisi unakuwa na ekstensheni mbili au tatu, basi. Wa nyumbani, ambao watoto wanatazamia katuni, unajitegemea. Lile la kuweka vitu vyote kwenye wasifu mmoja ndilo linalomfanya mtoto wa darasa la nne aongeze kidude cha mchezo kwenye kivinjari ambacho mama anaingilia benki.

Niseme pia lililo upande wangu, maana si kila lawama ni ya mteja. Miaka ya nyuma nilikuwa naweka ekstensheni iitwayo The Great Suspender kwenye mashine nyingi zenye RAM ndogo. Ilikuwa inalaza kurasa usizozitumia, laptopu inapumua. Ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, na ilikuwa nzuri kweli. Mwaka 2020 aliyeitengeneza akaiachia mikono mingine, na Februari 2021 Google wakaiondoa na kuizima kwenye mashine za watu kwa sababu ilikuwa imegeuka kuwa hatari. Nilikaa siku mbili napiga simu kwa wateja mmoja mmoja. Tangu hapo nina daftari la nani nimemwekea nini, na siamini idadi ya nyota peke yake. Siku hizi kulaza kurasa kumo ndani ya Chrome yenyewe, kwenye mipangilio ya utendaji, huhitaji kidude.

Halafu uBlock Origin. Hii ndiyo iliyoniletea maneno mengi. Nimewawekea watu wengi, kuanzia walimu mpaka wenye steshenari, maana inazuia matangazo na bando linakwenda mbali zaidi. Kati ya 2024 na 2025 Chrome ilibadilisha kanuni za namna ekstensheni zinavyotengenezwa na zile za mfumo wa zamani zikazimwa, hii ikiwemo. Mwalimu mmoja wa Masasi akanipigia: “Kijana, ulichoniwekea kimekufa, nirudishie hela.” Mzee wangu, hakikufa, wenye nyumba wamebadilisha kufuli. Anayetaka kubaki Chrome tunamwekea ile nyepesi, uBlock Origin Lite. Anayetaka yenyewe kamili tunamhamishia kivinjari kingine, Firefox, huko bado inafanya kazi, hata Firefox ya simu za Android inakubali ekstensheni. Chrome ya simu haikubali, kwa hiyo msiniletee simu mkitaka iwe kama laptopu. Mabadiliko hayo niliwafanyia bure wote niliokuwa nimewawekea mimi. Wa mafundi wengine wanalipa.

VPN za bure siweki, hata ukiongeza hela. Kuna ya bure moja maarufu, Hola, mwaka 2015 ilibainika kuwa intaneti ya watumiaji wake ilikuwa inauzwa kwa watu wengine wapitie humo. Isitoshe TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walitoa tangazo Oktoba 2023 wakitaka wanaotumia VPN wajitambulishe. Anayeihitaji kwa kazi aje na maelezo ya kazi yake, tutaongea.

Na si kila tatizo ni la kivinjari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Jumatatu asubuhi benchi lilijaa laptopu. Niliwarudisha wote bila kuwatoza senti, nikawaambia wasubiri. Mmoja hakusubiri, alikwenda kwingine akapigwa windo. Kwa waya uliokatika baharini.

Kwa hiyo bei ni hii. Kuangalia tu na kukuambia tatizo ni Sh 5,000, na ukifanya kazi hapa inaingia ndani ya gharama. Kusafisha kivinjari kimoja ni Sh 15,000. Kusafisha na kutenganisha wasifu kwa ofisi yenye mashine zaidi ya moja ni Sh 25,000 kwa kila mashine, tunaelewana zikiwa nyingi. Tatizo lile lile likirudi ndani ya siku 30, unarudi bure, ila nikikuta umeongeza kidude cha kupakua muziki tunaanza upya. Mashine ya Windows 7 nitakuambia ukweli mapema: Chrome iliishia toleo la 109 huko mwaka 2023, nitakachofanya ni kidogo.

Dada wa Chuno, nimeangalia daftari, siku zako 30 hazijaisha. Mwambie na mpwa wako aje, benchi lipo. Mje na simu yenye laini inayopokea namba za uthibitisho, bila hiyo akaunti haifunguki na tutakaa bure. Na chaja. Mara ya mwisho ulisahau chaja.