Nilimsalimia msaidizi, nikamwacha mkubwa

Leeds, Uingereza, Jumapili jioni

Papa na Mama,

Salamu kwenu na kwa wote wa hapo Kadutu, Bukavu. Mimi niko mzima, baridi tu ndiyo inanionea.

Mama, uliuliza kama nimeshafahamiana na padri wa huku. Nimefahamiana naye, lakini nilianza kwa aibu. Kanisa la karibu ni la Waanglikana. Mlangoni mama mmoja alinipa mkono, akasema yeye ndiye vicar. (Ndiyo, mwanamke. Huku walianza kuwapa wanawake upadri mwaka 1994. Usimwambie Nyanya.) Mimi nikasikia vicaire ya Kifaransa, msaidizi kama yule wa parokia yetu, basi nikamuuliza curé, padri mkuu wa parokia, yuko wapi. Akanionyesha kijana aliyekuwa akipanga viti: curate wetu yule pale. Nikamwendea kijana, nikamwinamia kwa heshima zote, mkubwa nimemwacha mlangoni!

Kumbe huku mambo yamegeuka: vicar ndiye mwenye parokia, curate ndiye msaidizi wake. Maneno ni yaleyale ya Kilatini tuliyoyapata kupitia Kifaransa. Vicarius ni anayeshika nafasi ya mwingine. Zamani zaka kubwa za parokia nyingi zilichukuliwa na monasteri, kisha akawekwa vicar wa kuhudumia waumini. Monasteri zilifungwa enzi za mfalme Henry VIII, kaimu akabaki na jina lake la ukaimu mpaka leo. Curate na curé wametoka kwenye cura, yaani kutunza roho za watu.

Papa, hili mpelekee Baba Mdogo, anayenung'unika kila siku kwamba kanisani kwao yeye ni "mzee tu". Priest ya Kiingereza imetoka kwenye presbyteros ya Kigiriki, nayo maana yake ni mzee. Hata kasisi yetu ya Kiarabu ilitoka kwa Wasiria, na kwao pia ilikuwa mzee. Hiyo "tu" aiondoe. Ila asijipandishe hadi uaskofu: askofu, bishop na évêque ni ndugu wa tumbo moja, episkopos, mwangalizi, ingawa kwa sura huwezi kuwadhania.

Jumapili ijayo nitasaidia kupanga viti. Yule curate bado ananicheka. Mama, akipatikana mtu wa kuja huku, nifungie samaki wetu wadogo, sambaza kavu kidogo.

Mtoto wenu