Tusipige yes bila kusoma

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu wanaofanya kazi na seva, wanaoanza na waliozoea pia. Ukitaka kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh unaandika komandi, jina lako, alama ya @, anwani ya seva (hiyo kompyuta ya mbali), unapiga enta, na mara ya kwanza inakwambia seva hii siijui, alama yake ya kidole (mfuatano wa herufi unaoitambulisha) ndo hii, tuendelee? Hapo karibu kila mtu niliyekaa naye anapiga yes hata macho hayajafika mwisho wa mstari. Na mimi nimefanya hivyo miaka.

Juzi kati kazini asubuhi kila aliyejaribu kuingia alikutana na onyo kubwa limezungukwa na alama za @, linasema utambulisho wa seva umebadilika na huenda kuna mtu amekaa katikati anasikiliza. Mmoja wetu akasema futeni tu ule mstari kwenye faili la known_hosts, linalotunza utambulisho wa seva ulizokwisha kuzikubali, basi tukafuta wote, watu sita, hakuna aliyeinua simu kumuuliza anayeitunza. Baadaye ndo tukaambiwa seva iliwekwa upya usiku. Sawa, lakini wakati tunafuta hatukujua hilo, na wanaoingia kwa nywila wangeweza kuwa wanamkabidhi mwizi nywila zao mkononi.

Hii ssh aliiandika Tatu Ylönen wa Ufini mwaka 1995 baada ya mtu kutega programu ya kudaka nywila kwenye mtandao wa chuo chake, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, maana telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ilikuwa inapitisha kila herufi wazi wazi. Ssh inafunga mazungumzo yote, ila kuyafunga huko kunasaidia nini kama unayeongea naye siye?

Na kukagua si kazi ngumu jamani. Anayetunza seva akiwa palepale kwenye mashine yenyewe anaandika ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub, inatoka alama inayoanza na SHA256 halafu herufi, tarakimu na pengine alama za + na /, jumla 43. Akupe hiyo kwa njia nyingine, kwa simu au ana kwa ana. Kwenye matoleo ya miaka hii ya OpenSSH, programu ya ssh inayotumika sana, huna haja hata ya kulinganisha kwa macho, pale unapoulizwa unabandika ile alama yenyewe badala ya yes, isipofanana haikubali.

(Na wale wanaoingia kwa ufunguo badala ya nywila halafu wanatumiana ufunguo wa siri kwenye WhatsApp, tafadhali acheni, linalotoka nje ni faili la .pub tu, yaani ufunguo wa wazi.)

Ombi langu ni kwa mafundi wanaotufungulia akaunti: mkitupa jina na anwani tupeni na alama ya seva hapo hapo, na mkiiweka upya tuambieni jioni kabla, sio tukutane na onyo asubuhi.

Msomaji wenu