Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Zebaki, Marudio na Majaruba Yetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wachimbaji wadogo wa dhahabu, wazee wetu, na akina mama wa mwaloni tunakooshea dhahabu, mwangaluka.

Katiba yetu inanitaka kila mwaka niseme tulichofanya, fedha zilivyokwenda na yaliyonishinda. Naanza na yaliyonishinda, maana ndiyo mnayoniuliza nikikutana nanyi njiani.

Baada ya mvua mlinituma nikapimishe maji ya visima vyetu, kama yameingiwa na sumu za machimboni. Mimi na katibu tulizunguka kisima kwa kisima, tukachota kwenye chupa za soda tulizozisuuza vizuri, tukaandika jina la kisima kwa kalamu ya wino, tukazipanga kwenye boksi la sabuni. Zikakaa sebuleni kwangu siku tisa tukichangisha nauli. Kijana aliyetupokea maabara hakufungua hata chupa moja. Aliinua ya kwanza, akaigeuza, wino ulikuwa umeshafutika kwa unyevu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, hii ni ya kisima gani?" Sikuwa na jibu.

Kisha akanielewesha. Maji ya kupimwa metali huchotwa kwenye chupa iliyooshwa kwa asidi, na palepale kisimani unatia matone ya asidi ya naitriki. Usipofanya hivyo, madini ya risasi na wenzake hujishika kwenye kuta za chupa, ukafika maabara na maji mazuri huku sumu imebaki kwenye plastiki. Zebaki, ile metali ya majimaji tunayokamatia dhahabu, ndiyo msumbufu zaidi, hupenya hata plastiki yenyewe, kwa hiyo ina chupa yake ya kioo. Kwa maneno mengine, sampuli zile zingepokelewa, huenda tungeletewa majibu kwamba visima ni salama, na sisi tungepiga vigelegele. Nauli ilipotea. Kosa ni langu, nilitakiwa kuuliza kabla ya kuchota. Kijana yule simlaumu, naye alitupatia chupa sahihi tukarudi nazo.

Niseme pia, kwa sababu nimesikia mtu akisema haina haja ya kupima kwa kuwa nyumbani kwake wanachemsha: kuchemsha na dawa ya maji huua vijidudu. Arseniki, sumu inayotoka kwenye mawe, si kijidudu. Ukichemsha, maji yanapungua na yenyewe inabaki sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha arseniki kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho huwezi kukiona, kukinusa wala kukionja. Waliofikiwa na bomba la maji ya Ziwa Victoria wana nafuu. Sisi wa vitongojini bado tuko kwenye visima.

Sasa zebaki yenyewe. Mwaka huu bei ya dhahabu imepanda kama mlivyoona, mwezi Oktoba ikavuka dola 2,700 kwa wakia kwenye soko la dunia, na mwaloni watu wakaongezeka hadi pa kuweka beseni pakakosekana. Marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, ambayo zamani tulikuwa tunayakanyaga, yakawa mali. Kila anayekuja anakuja na kichupa chake cha zebaki.

Katika semina ya mwezi wa saba tulisomewa Mkataba wa Minamata, ule uliopitishwa Japani mwaka 2013 ukaanza kufanya kazi mwaka 2017, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Haujakataza uchimbaji mdogo. Umetaja mambo manne mabaya kupita yote ambayo nchi zinatakiwa kuyakomesha: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya kuanza kuosha na kubakiza kichanga kizito, kuchoma kidonge cha zebaki na dhahabu mahali pa wazi, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kuyaingiza kwenye sayanaidi, ile dawa ya kuyeyusha dhahabu, marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Mwezeshaji alipomaliza kusoma, tukaangaliana. Tunafanya yote manne.

Mimi mwenyewe nimechomea jikoni kwa miaka. Mnajua inavyokuwa: umekamua kwenye kitambaa, umebaki na kidonge cheupe, mvua inanyesha, jiko la mkaa tayari lina moto kwa sababu ya maharage. Unaweka kidonge kwenye kijiko, unaweka kijiko kwenye mkaa, weupe unaondoka, njano inatokea, unafurahi. Kidonge kile karibu nusu yake ni zebaki. Imekwenda wapi? Inachemka kwenye nyuzi 357, jiko la mkaa linafika huko bila shida, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, sehemu kubwa, kama asilimia 80, inaingia kwenye damu. Unaobaki unatua kwenye bati, ukutani na kwenye magunia ya mahindi. Mtoto aliyekaa pembeni ya jiko anakota moto ameuvuta pamoja na wewe. Mikono kutetemeka, kusahau, hasira zisizo na sababu, usingizi kukosekana: kwa wenzetu wengine tulisema ni pombe, kwa mmoja tulisema karogwa. Sitaki kutaja majina.

Tulinunua ritoti mbili, kile chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopita kwenye maji ili mvuke ugande urudi kuwa zebaki. Zinafanya kazi. Tatizo halikuwa chombo. Dhahabu ya ritoti hutoka na rangi ya kahawia, haina ule mng'ao wa kijikoni, na wanunuzi wanaotufuata machimboni wanasema ni chafu wanakata bei. Wanachama wengi walijaribu mara moja wakarudi kwenye kijiko. Nimezungumza na wanunuzi watatu. Mmoja amekubali kuipima kwa uzito na usafi wake, si kwa macho. Wengine wawili bado. Halafu hao hao wanaichoma tena dukani kwao, katikati ya mji, nao wanavuta.

Kuhusu marudio nitakaa kidogo, maana ndipo palipotuumiza. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilibomoa ukuta wa bwawa la marudio la mwenzetu mmoja, tope likashuka usiku hadi kwenye majaruba ya mpunga yaliyo chini yake. Asubuhi tulikuta mpunga umelala chini ya utando wa kijivu. Tulimlipa mwenye shamba fidia ya mazao, tukaona tumemaliza. Hatujamaliza. Mawe yetu ya dhahabu yana madini ya salfa, na mengi ya namna hiyo hubeba arseniki. Yakiwa chini kwenye mwamba yametulia. Tukiyapandisha, tukayasaga laini kama unga, hewa na maji vinayaoza, yanatoa asidi na kuachia yaliyokuwa yamefungwa ndani. Halafu tope hilo likaingia kwenye jaruba, ambalo kazi yake ni kushika maji muda mrefu. Udongo uliofunikwa na maji hukosa hewa, kutu ya chuma iliyokuwa imeishikilia arseniki huyeyuka, na mpunga kuliko nafaka nyingine huivuta kwa mizizi. Mtama na mahindi hayafanyi hivyo kwa kiasi hicho. Nasi ni watu wa mchele, Nzega na Igunga yote.

Maji yakitoka hapo yanaishia mto Manonga, na Manonga inaingia bonde la Wembere. Mto huu haufiki baharini, bonde lake limefungwa. Tunachotupa kinabaki huko kwenye matope, na matope yasiyo na hewa ndiyo mahali ambapo bakteria huigeuza zebaki kuwa ile aina inayopanda kutoka kwa vidudu kwenda kwa samaki wadogo hadi kwa kambale, ambaye tunamla sisi.

Jambo la akina mama limeletwa na mhasibu wetu, nami namshukuru, maana mwanaume nisingelifikiria. Wajawazito wanakula pemba, ule udongo wa kula unaouzwa, na wengine pemba ikikosekana dukani wanachimba kwenye kichuguu kilicho karibu. Watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito kwenye machimbo ya Geita, matokeo yakatoka mwaka 2014, walikuta arseniki ndani yake. Kichuguu kilicho jirani na karasha, mashine ya kusagia mawe, hakiliwi. Tumeomba wauguzi wa zahanati walisemee kliniki, kwa sababu mama mwenye hamu hatamsikiliza mwenyekiti.

Na karasha zenyewe: zimekaa katikati ya nyumba. Mwaka 2010 kule Zamfara, Nigeria, watu walisagia nyumbani mawe ya dhahabu yenye madini ya risasi, watoto zaidi ya 400 wakafa. Mawe yetu hatujawahi kuyapima risasi. Yakikutwa hayana, vumbi la mwamba mweupe peke yake linatosha kuua mapafu na kuyafungulia njia ya kifua kikuu.

Fedha: taarifa ya mhasibu imebandikwa ofisini, imekaguliwa. Ada za nusu ya wanachama hazijaingia. Wanaonunua na kutunza zebaki wanapaswa kusajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Chama kitawaandikia barua za utambulisho.

Kamati inaleta mbele yenu maombi mawili. Kwanza, karasha na mwalo vihamie ng'ambo ya barabara, mbali na nyumba na majaruba, kila mwenye karasha achangie lori. Pili, kuanzia mkutano huu uchomaji wote ufanyike kwenye kibanda cha chama kwa ritoti, na anayekutwa jikoni alipe faini, mimi nikiwa wa kwanza. Mtapiga kura kwa kunyosha mikono.

Chupa mpya za sampuli ziko kwa katibu, za kioo na za plastiki. Tutachota tena mvua zikianza na tena kiangazi. Tayari moja imekutwa na mafuta ya taa. Tafadhali, zisiguswe.