Uniti 23.9 hazijaibwa, shoga

Morogoro,
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku wazima, mvua imeshika na mlima hatujauona tangu juzi. Mwanangu amepona mafua, sasa kamwachia baba yake, na baba yake ukimsikia utadhani anaandika wosia.

Sauti yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikachukua kalamu, maana hesabu za umeme hazisemeki kwa mdomo. Unasema tarehe mosi umenunua Luku (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi ukapata uniti 23.9. Wiki iliyofuata mwenzako wa chumba cha nyuma kanunua elfu kumi, mita hiyo hiyo, kapata 28.1. Na mama kule Makambako, siku ile ile uliyonunua wewe, elfu kumi imempa karibu 70. Ukamaliza kwa kusema hiyo mita ya Tabata ina mkono na mnapigwa.

Hampigwi. Nakuambia hivyo kwa sababu na mimi nililia kilio hicho hicho kule Buguruni, mwaka 2022, nilipokabidhiwa daftari la umeme la nyumba nzima eti kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Wapangaji watano, mita moja, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake anamla. Daftari lile lilinifundisha zaidi ya hesabu zote tulizokaririshwa bwenini.

Fungua ile meseji ya tokeni. Najua hukuisoma. Sote tunanakili zile tarakimu 20, tunazibonyeza, taa zikiwaka tunafuta. Ila chini yake pana mistari, na wezi wako wote wamejiandika humo kwa majina.

Anza na ile ya mwenzako, ni nyepesi. Katika elfu kumi yake, umeme wenyewe ni shilingi 8,196.72. Juu yake kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18: shilingi 1,475.41. Kuna asilimia 1 ya EWURA, yaani wale wanaodhibiti bei za nishati na maji: 81.97. Halafu asilimia 3 ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini: 245.90. Jumlisha, inarudi elfu kumi kamili. Sasa chukua ile 8,196.72 ugawanye kwa uniti 28.07 (meseji huikuza kuwa 28.1), utapata 292. Hiyo ndiyo bei ya uniti moja kwenye kundi linaloitwa T1, la watumiaji wa kawaida. Ukiipandishia zile asilimia 22 zote, uniti moja inakutoka kwa shilingi 356 na senti. Hiyo 356 ikariri kama namba yako ya simu, nitairudia.

Kwenye ile asilimia 3 ya REA usininung'unikie. Ndiyo iliyosaidia kupeleka nguzo hadi vijiji ambavyo sisi tulivijua kwa kibatari, na wewe kitabu chako cha Kidato cha Pili kilikuwa na doa la mafuta ya taa mpaka siku ya mtihani.

Yako sasa. Wewe ulinunua tarehe mosi, manunuzi ya kwanza ya mwezi kwenye mita hiyo. Kabla ya lolote ilikatwa kodi ya jengo, 1,500. Ilianza kukusanywa kupitia Luku Agosti 2021, ikiwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda. Za ghorofa wanalipa 7,500 kwa kila sakafu, hao tuwaache. Kwa hiyo umeme ulinunuliwa kwa 8,500 tu. Igawanye kwa 356.24: 23.86. Ndiyo 23.9 yako hiyo. Aliyefuata hakukatwa kwa sababu wewe ulishamlipia. Na mkikaa miezi mitatu bila kununua, siku mtakayonunua zitakatwa 4,500 kwa mpigo, msije mkakimbilia kwa mganga.

Hapa ndipo una haki ya kukasirika, ila si kwa mita. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Wewe jengo huna, una chumba na stoo. Kule Buguruni nilikuwa naiandika kila mwezi kwenye safu yake, kwa kalamu nyekundu. Mwaka ulipoisha na mwenye nyumba kuja kudai kodi yake ya miezi sita, nikamfungulia daftari: mzee wangu, hii hapa 12,000 tumekulipia serikalini, tunaomba uipunguze. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Hela hakutoa, lakini wiki hiyo hiyo alileta bomba jipya la uani na kitasa cha choo, vitu tulivyovidai tangu Ramadhani. Wewe mwandikie mwenye nyumba wako na mtumie picha za meseji, ana WhatsApp.

Sasa mama na uniti zake 70, ambako ndiko kwenye utamu. Mama naye alikatwa 1,500 kama wewe. Tofauti ni kwamba yeye yuko D1, kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo, uniti 75 kwa mwezi kushuka chini. Humo uniti ni shilingi 100, na ukiweka makato inafika 122. Gawanya 8,500 kwa 122 uone. Ile 292 ya T1 ilipangwa mwaka 2016, mwaka ambao pia watu wa T1 walipumzishwa ile tozo ya huduma ya 5,520 iliyokuwa ikikatwa kila mwezi hata kama umelala gizani. Baba yangu mpaka leo anaisimulia tozo ile kama watu wanavyosimulia njaa.

Lakini D1 ina mtego. Ukivuka uniti 75 ndani ya mwezi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya makato, yaani 427 ukiyaweka. Ghali kuliko yako wewe. Nakuonya kwa sababu nakujua: Desemba utataka kumfurahisha mama, utamtupia Luku ya elfu ishirini kwa mkupuo. Usifanye. Toa kodi 1,500, toa 9,150 ya uniti 75 za kwanza, inabaki 9,350 ambayo kwa bei ya 427 inampa uniti 21.9 tu. Jumla 96.9. Ukimnunulia elfu kumi Desemba na elfu kumi Januari, hata kodi ikikatwa mara mbili, anapata zaidi ya 139. Hela ni ile ile, shoga. Tena akizoea kuvuka hiyo 75 atahamishiwa T1, na hapo utakuwa umemletea zawadi ya kudumu.

Utaniuliza, basi kwa nini na wewe usiwe D1, una balbu mbili, feni na chaja? Hili lilinichukua miezi kulielewa pale Buguruni, mpaka nikalichora kwa penseli nyuma ya daftari. Chukua wapangaji watano, kila mmoja uniti 20 kwa mwezi. Kila mtu angekuwa na mita yake angelipa 2,440, basi. Lakini mita yenu ni moja, na mita haijui kwamba humo ndani mna masufuria matano. Inachoona ni nyumba inayokula uniti 100, kwa hiyo T1: 35,624, kila mmoja 7,125. Umaskini wa watu watano ukijumlishwa unasomeka kama utajiri wa mtu mmoja. Hakuna aliyeiba hapo, na ndiyo maana inauma zaidi kuliko wizi.

Watu watakuambia fungeni mita ndogo kila chumba. Ni jambo jema, nawe nakushauri ulidai, maana itamaliza ugomvi wa nani katumia kiasi gani. Ila isikudanganye kwamba itashusha bei. Mita ndogo inapima tu, Luku inabaki moja na T1 inabaki T1. Cha kushusha bei ni mwenye nyumba aombe TANESCO, shirika la umeme, mita nyingine, na hapo ni mfuko wake na moyo wake.

Kuhusu nani anakula, msianze kuangaliana vibaya. Kwenye mita pana kataa kadogo kekundu kanakokonyeza. Soma pembeni, nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake makonyezo 1,000 ni uniti moja. Siku moja mchana zimeni kila kitu, chomoeni hadi chaja, kisha mtu asimame na saa. Ikiendelea kukonyeza, kuna waya unavuja au kuna mtu kasema kazima kumbe hajazima. Isipokonyeza, washeni kimoja kimoja mhesabu. Sisi tulifanya Jumamosi, tukakaa uani kama tunaangalia mpira. Balbu ya wati 9 tulisubiri mpaka tukachoka, kwa sababu hiyo huchukua zaidi ya saa 100 kumaliza uniti. Feni ilijivuta. Ikawashwa hita, ile ya waya ya kutumbukiza kwenye ndoo: makonyezo 25 kwa dakika! Kila mtu akamgeukia baba wa chumba cha mbele, na yeye akageukia ukuta.

Nilifanya hesabu mbele yake. Hita ya wati 1,500 kwa nusu saa ni robo tatu ya uniti, kama shilingi 267 kwa ndoo. Yeye, mkewe na watoto wawili, ndoo nne kila asubuhi, ni uniti 3 kwa siku na 90 kwa mwezi. Zaidi ya elfu 32 za maji ya kuoga, Dar es Salaam, mji ambao maji ya bomba saa saba mchana yanaweza kuivisha yai. Wakati huo alikuwa anachangia sawa na sisi wengine, na ndiye aliyekuwa analalamikia pasi yangu.

Friji ni habari nyingine. Ukiipa uniti moja kwa siku, kama elfu kumi na mia saba kwa mwezi, hujakosea sana, ila ikiwa mpira wa mlango umelegea inanguruma usiku kucha na hesabu inaharibika. Umesema dada wa chumba cha kati anauza barafu. Mpimeni kwa siku nzima, siyo kwa dakika, kwa sababu friji hulala na kuamka, na msimwonee. Barafu zenyewe nasikia nyote mnanunua.

Tulichokubaliana Buguruni ni mafungu. Chumba chenye taa, feni na chaja ni fungu moja. Ukiongeza friji, mafungu matatu. Pasi na jagi la umeme, nusu fungu. Hita aliiuza mwenyewe bila kuambiwa. Haikuwa haki ya mizani ya dhahabu, mimi na redio yangu bado nililipa zaidi ya nilichotumia, lakini kelele ziliisha na kodi ya jengo tukaitoa kwanza kabla ya kugawana. Hilo msisahau, la sivyo anayenunua tarehe mosi kila mwezi ndiye anayebeba msalaba, na kwa ninavyokujua wewe huwezi kuvumilia giza, utakuwa ni wewe daima.

Na yule anayewaambia kwamba ukinunua elfu moja moja uniti zinapungua, mwambie kwenye T1 asilimia ni asilimia. Elfu moja mara kumi na elfu kumi mara moja zinatoa umeme ule ule, labda njia unayolipia iwe na ada yake kwa kila muamala.

Basi nimeandika mpaka mkono umekufa ganzi na chai imepoa. Nisalimie huko, na usimwambie mama nimemtaja kwenye hesabu za Luku, ataniuliza kwa nini simpigii. Nitumie picha ya meseji ya tarehe mosi ijayo, ila ficha zile tarakimu 20, usije ukasema nimekuingilia umeme. Na mkishahesabu makonyezo Jumamosi, niandikie namba ya friji ya barafu. Mimi nakisia uniti moja na nusu kwa siku. Nikikosea nakuletea mchele wa Ifakara nikija.

Ni mimi,
shoga yako wa kitanda cha juu